Ajali ya Teksi Mtandao Dodoma: Kweli au Uongo?

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kwa vitendo, mwendo wa jiji hili umebadilika. Ofisi zimesogea Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya mji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanashuka mjini usiku. Na kuanzia Julai 2024 treni ya SGR inateremsha watu kutoka Dar es Salaam ambao wengi hutoa simu mfukoni kabla hawajaukaribia mlango wa stesheni. Gari linakuja, namba inalingana na ile ya kwenye simu, mtu anapanda. Habari za bima haziulizwi.

Siku gari likigongwa Ihumwa au Nzuguni, ndipo zinapoulizwa, na wa kwanza kujibu huwa ni watu walio karibu: dereva mwenzake, muuguzi, jirani wa kitanda wodini, binamu aliyewahi kufanya kazi bima. Kila mmoja ana lake. Baadhi ya maneno hayo ni sahihi. Mengine yamewanyima watu haki yao kabla hata hawajaanza kuidai. Yafuatayo ndiyo yanayosikika zaidi.

"Gari lina stika, kwa hiyo abiria amekatiwa bima."

Kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila gari linalotembea barabarani kuwa na bima dhidi ya madhara kwa mtu wa tatu, yaani kifo au majeraha yanayompata mtu mwingine kwa sababu ya gari hilo. Hii ndiyo bima ndogo. Kwa gari binafsi imezoeleka kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwa ndani. Wengi wanaishia hapo: stika ipo, trafiki ameridhika, mambo yameisha.

Lakini sheria hiyohiyo, inapoeleza bima ya lazima iwakinge nani, haimlazimishi mwenye gari kumkinga abiria aliyemo ndani, isipokuwa pale gari linapobeba abiria kwa malipo au kwa mujibu wa mkataba wa ajira. Kwa hiyo gari lililokatiwa bima kama gari binafsi linaweza kuwa na bima halali kabisa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa, na lisiwe na chochote kwa wewe uliyekaa kiti cha nyuma. Zaidi ya hapo, mkataba wa bima ya gari binafsi kwa kawaida huwa na kifungu cha matumizi: shughuli za mwenyewe, za nyumbani na za kijamii, si kukodisha wala kubeba abiria kwa nauli.

Sasa tazama magari yenyewe. Ni IST, Passo, Vitz, mengi yakiwa mali ya mtu ambaye si dereva. Mwenye gari ni mtumishi au mfanyabiashara anayepokea hesabu kila wiki. Anayeendesha ni kijana mwingine, na siku akiumwa anaingia deiwaka. Bima ya gari la kubeba abiria ni ghali kuliko ya gari binafsi, kwa sababu huhesabu na viti. Bosi akiangalia hesabu yake ya mwezi, anakata ile ya chini. Hakuna anayeona tofauti hadi siku ya ajali, ambapo mkaguzi wa kampuni ya bima anaanza na swali moja: gari lilikuwa linafanya nini saa ile? Rekodi ya safari kwenye simu inajibu yenyewe.

Ni haki kusema pia kwamba sheria inaziba baadhi ya visingizio. Kampuni ya bima haiwezi kumkatalia mtu wa tatu kwa sababu tu mkataba wake uliweka masharti kuhusu umri wa dereva au hali yake ya kiafya, ubovu wa gari, au idadi ya watu waliokuwemo. Dai la mtembea kwa miguu halifi kwa sababu mlikuwa mmejibana watano nyuma. Ila kutumia gari binafsi kibiashara hakumo kwenye orodha hiyo. Mlango huo umeachwa wazi, na madai mengi ya abiria yanapotelea hapo.

Kwa hiyo angalia mambo mawili kabla ya kufunga mlango wa gari. La kwanza ni rangi ya kibao cha namba: njano ni gari lililosajiliwa kwa matumizi binafsi, nyeupe ni la biashara. Njano peke yake si hukumu, ni sababu ya kuuliza. La pili ni mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambamo unaingiza namba ya gari na kuona kama bima ipo hai na ni ya kampuni gani. Stika ya kughushi inaweza kukaa vizuri sana kwenye kioo. Kwenye mfumo haitaonekana. Na ukiona bima ipo, muulize dereva imekatwa kwa matumizi gani.

"Kampuni ya programu ndiyo italipa. Wao ndio wameniletea gari."

Usiliweke hili kuwa tegemeo lako la kwanza. Masharti ambayo kila mmoja wetu anayakubali bila kuyasoma, yale ya Bolt yakiwa mfano, yanasema kampuni inaunganisha abiria na dereva, na kwamba mwenye kutoa huduma ya usafiri ni dereva mwenyewe. Kwa maneno mengine, kampuni imejiweka pembeni kabla safari haijaanza.

Duniani hoja hiyo haijapokewa kimya kimya. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Uber ni huduma ya usafiri, si daraja la mawasiliano tu. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ile ni wafanyakazi wenye haki za msingi za kazi. California ilikwenda moja kwa moja kwenye bima: sheria ya mwaka 2014 iligawa muda wa dereva katika hatua. Akiwa amewasha programu anasubiri, kinga ni ndogo. Akishapokea safari hadi abiria ashuke, lazima kuwe na kinga ya dola milioni 1.

Sura ya 169 ina mizizi ya enzi za ukoloni. Hatua hizo haizijui. Inajua gari, mwenye gari, dereva na matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inasimamia teksi mtandao na leseni zake, lakini vita iliyovuma ilikuwa ya kamisheni. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Ninatamani kuona nguvu ileile ikiwekwa kwenye swali la bima ya abiria, kwa sababu asilimia za kamisheni hazimlipii mtu upasuaji wa nyonga.

Hata hivyo usiipuuze kampuni ya programu. Yenyewe ndiyo inayoshika ushahidi: jina la dereva aliyesajiliwa, namba ya gari, saa ya kuanza, njia iliyopitwa, nauli. Toa taarifa ya ajali ndani ya programu siku hiyohiyo, hifadhi risiti ya safari na piga picha ya skrini. Kama sura ya aliyekuwa anaendesha haifanani na picha ya kwenye simu, liandike hilo mapema. Deiwaka anayetumia akaunti ya mwenzake anaweza kuwa hoja kubwa baadaye, kwako au dhidi yako.

"Ukikata safari mkaelewana bei pembeni, haki yako imekufa."

Uongo, ila ni uongo unaokaribia ukweli. "Boss, kata hiyo safari, nikupeleke hivyohivyo, wale wananikata hela nyingi." Anayesafiri Dodoma amelisikia hilo. Ukikubali, wajibu wa dereva wa kuendesha kwa uangalifu haupungui hata chembe, na akikuumiza kwa uzembe bado unamdai yeye na mwenye gari. Kilichokufa ni ushahidi. Hakuna tena kumbukumbu kwamba ulikuwa abiria wa kulipa, kwamba mlitoka stesheni kwenda Ilazo saa nne usiku, kwamba alikuwa yeye. Dereva aliyeshauriwa vizuri anaweza kusema ulikuwa rafiki yake aliyempa lifti, na lifti ya bure inakurudisha kwenye shimo lile la bima isiyomlazimu mtu kumkinga abiria. Kama mmeshaelewana pembeni, lipa kwa simu. Muamala wenye jina na saa ni bora kuliko noti ya elfu tano.

"Tukiandikishana tukamalizana, siwezi kudai tena."

Hili ni kweli mara nyingi, na ndiyo maana ninalitilia mkazo. Baada ya ajali watu wanataka amani. Dereva anaomba radhi, mwenye gari anafika, mtu mzima mmoja anasema jamani tusifikishane mbali, na laki tatu inatolewa pamoja na karatasi: "Nimepokea na sina madai mengine." Wiki mbili baadaye mgongo unakataa kunyanyuka kitandani.

Karatasi hiyo ni mkataba. Mahakama inaweza kuitengua pakiwa na udanganyifu au shinikizo, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Hati ya malipo ya mwisho ambayo kampuni ya bima hukupa usaini kabla ya kutoa fidia ina nguvu hiyohiyo. Pokea msaada wa matibabu ukitolewa, na uandike kwamba ni msaada wa matibabu. Usisaini neno la kumaliza madai kabla daktari hajasema majeraha yamefikia wapi.

Kwa upande wa dereva na mwenye gari kuna mtego mwingine: mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ukiandika pale barabarani kwamba kosa ni lako na utalipa, kampuni inaweza kukuacha ulipe.

"Bila PF3 huna dai."

Kweli kwa sehemu. Fomu ya polisi namba 3 inakupeleka hospitali ukiwa na uthibitisho kwamba majeraha yametokana na tukio lililoripotiwa, na daktari anayaeleza humo. Aliyeumia vibaya apelekwe kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, mwingine aifuate fomu kituoni. Kutoa taarifa polisi haraka kunabaki kuwa lazima.

Ambalo watu hawaambiwi ni kwamba PF3 pekee haitoshi. Kampuni ya bima itataka taarifa ya polisi ya ajali, PF 90. Ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93. Na ramani ya eneo la ajali iliyochorwa na askari. Omba namba ya jalada kabla hujaondoka kituoni. Andika jina la askari mpelelezi. Tunza kila risiti ya dawa, picha ya eksirei, nauli za kwenda kliniki, na barua ya mwajiri au hesabu za biashara zinazoonyesha siku ulizokosa kipato. Mama lishe wa Nkuhungu hana barua ya mwajiri, lakini ana daftari la mauzo na wateja wa kumtolea ushahidi. Kipato chake ni kipato.

"Dereva ameshapigwa faini mahakamani, basi kesi imekwisha."

Uongo kabisa. Faini inakwenda serikalini. Kesi ya makosa ya usalama barabarani ni kati ya Jamhuri na dereva, na wewe ndani yake ni shahidi. Dai la fidia ni la madai, linasimama peke yake. Na faini hiyo inakusaidia: Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai, baada ya muda wa rufaa kupita au rufaa kumalizika, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Chukua nakala ya hukumu. Imekufanyia nusu ya kazi.

Utaratibu wenyewe mara nyingi hueleweka kinyume. Kisheria unamshitaki aliyekosea, yaani dereva na mwenye gari. Hukumu ikitoka, kampuni ya bima inawajibika kulipa kile ambacho bima ya lazima inakikinga, mradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa kampuni ya bima iende mapema, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ibaki kwako. Madai mengi humalizika kwa mazungumzo bila kufika hukumuni.

"Tukigongwa na STK, Serikali ina bima kubwa, italipa haraka."

Hili ni la Dodoma hasa, jiji ambalo magari ya STK na STL yamejaa barabarani asubuhi na jioni. Magari ya Serikali hayabanwi na sharti la bima ya lazima la Sura ya 169. Haina maana kwamba Serikali haidaiwi. Inadaiwa, lakini kwa njia yake: Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka utoe notisi ya siku 90 kwa wizara au taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua utaratibu huo kwa halmashauri, wakala na mashirika ya umma, kwa hiyo hata namba za SM na SU zimo. Ukiruka notisi, shauri linatupwa kabla ya kusikilizwa, hata kama umevunjika miguu yote miwili. Na usizitegemee siku hizo 90 kukuongezea muda wa kufungua kesi.

"Lori la nje likikugonga, ndiyo basi tena."

Uongo. Barabara ya Morogoro, Dodoma, Manyoni hadi Singida ni njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori la nchi hizo likiwa safarini hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa bima ya mtu wa tatu unaotambuliwa nchi hadi nchi. Tanzania imo kwenye mpango huo ijapokuwa si mwanachama wa COMESA, na ofisi yake ya kitaifa ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Piga picha ya kadi hiyo, au hakikisha polisi wameiandika namba yake, kabla lori halijaruhusiwa kuendelea na safari. Likishavuka Rusumo, kulifuata ni kazi nyingine.

"Hukufunga mkanda, hustahili kitu."

Uongo. Mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kiasi ambacho uzembe wako ulichangia majeraha. Kupunguza si kufuta. Vivyo hivyo mkigonga ng'ombe jioni njia ya Bahi: mchungaji aliyewaacha wanyama barabarani anaweza kubeba sehemu ya lawama, na dereva aliyekuwa kasi akabeba yake. Abiria anaweza kuwadai wote wawili.

"Bima ndogo itanitengenezea na gari langu."

Madereva, hapana. Bima ndogo ni ya wengine. Gari lako, na mwili wako wewe uliyeshika usukani ukiwa na kosa, havimo. Anayetaka gari lake lilipwe anakata bima kubwa, na aikate kwa matumizi sahihi, vinginevyo ametupa fedha nyingi zaidi kwenye shimo lilelile.

"Marehemu hadai."

Marehemu hadai, wategemezi wake wanadai. Sheria ya Sura ya 310 inawapa mke au mume, watoto na wazazi haki ya fidia kwa msaada walioupoteza. Kwa kawaida shauri hufunguliwa na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kikao cha familia kisiishie kugawana nguo na kupanga arobaini. Kiteue msimamizi na kimpeleke mahakamani athibitishwe.

Nimewasikia wazee wema wakisema ajali ni kazi ya Mungu na kwamba kudai ni kula damu ya mtoto. Ninawaheshimu, na ninapingana nao kwa nguvu zote. Mjane mwenye watoto wanne Chamwino haombi thamani ya roho ya mumewe. Anaomba ada ya shule ambayo mumewe angeilipa kama dereva asingekuwa anajibu ujumbe wa simu kwa kasi ya kilomita 90. Na muda haumsubiri amalize machozi: Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe.

"Kampuni ya bima ikikataa, imekataa."

Uongo, na ni uongo unaozipendeza kampuni zinazochelewesha. Nyaraka zikikamilika, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya siku 45. Ukikataliwa, taka sababu kwa maandishi. Kama sababu haieleweki, peleka malalamiko TIRA, ambayo ofisi zake zimo jijini humu, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko mlalamikaji halipi ada, na hahitaji wakili.

Na kama ulikuwa ndani ya gari hilo kikazi, umetumwa na ofisi yako kutoka Mtumba kupeleka nyaraka mjini, mjulishe mwajiri wako siku hiyohiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unawahusu waajiriwa wa sekta ya umma na binafsi wanaoumia wakiwa kazini, na haumuulizi mtu kama IST ile ilikuwa na kibao cha njano au cheupe. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa taarifa kwa Mfuko. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe na PF3 yako.